Njia ya Kwenda Manish

Partick, Glasgow
24 Mei 1971

Dada Effie,

Kaa chini kwanza, maana nikianza kukueleza mipango yangu utasema mdogo wako kavurugikiwa.

Mwaka huu likizo ya Fair hatuendi ufukweni Rothesay kama kila mwaka. Archie analijua hilo, ila bado hajalikubali. Kiwanda cha meli kitafungwa katikati ya Julai kama kawaida, wiki mbili, na Glasgow nzima itamwagika stesheni siku moja. Wanasema vyaelea vimeundwa, na huyu mume wangu ndiye muundaji, lakini akipanda meli anashika chuma kwa mikono miwili na kufumba macho. Safari hii atapanda, atake asitake.

Njia ni hii. Jumamosi treni hadi Oban. Jumatatu meli kutoka Oban hadi Lochboisdale, kwako. Tunapumzika hapo, unipe viazi na samaki heringi wa chumvi mpaka nivimbiwe. Halafu sote wanne tunaingia kwenye gari la mumeo, mimi na Archie, wewe na Ruairidh, tunakata visiwa kwenda kaskazini mpaka Lochmaddy. Gari linapanda feri, tunashuka Tarbert, na kutoka hapo hadi Manish ni barabara mbovu tu. Kwa Mama. Siku zitakazobaki tunapanda mpaka Lewis na kurudi kupitia Skye, Archie apige picha zake za kondoo.

Usiikunje barua. Maliza kusoma.

Mama ana miaka themanini na nne. Hajakuona tangu vita, na kati yenu kuna kipande cha maji ambacho watalii wanakivuka wakila sandwichi. Aliyesema usikanyage mlangoni pake ukiwa mke wa Mkatoliki ni Baba, na Baba yuko udongoni mwaka wa tisa huu. Amri ya marehemu inalindwa na nani? Kaka yetu Norman, anayekaa na Mama, ni mzee wa kanisa, najua, na shingo yake haigeuki. Lakini Norman si Baba.

Nitamwandikia kuomba vitanda vya watu wanne bila kukutaja. Akifungua mlango na Mama akasikia sauti yako, nani atathubutu kusema toka?

Niambie gari la shemeji lina hali gani.

Mdogo wako,
Dolina


Daliburgh, South Uist
31 Mei 1971

Dolina,

Gari ni zima. Ruairidh anasema litafika hata Stornoway, ila Bikira Maria wa kwenye dashibodi haondoki, mama yake mzazi ndiye aliyemweka hapo, na hapo atabaki. Nimemwambia mbona unajibu swali ambalo hujaulizwa, akasema, "Litaulizwa."

Kuhusu mimi, jibu ni hapana.

Isikilize vizuri hapana yangu. Sikusema sitaki. Hakuna asubuhi nisiyoamka nikamfikiria Mama anaamka vipi. Lakini sitaingia nyumba niliyozaliwa kama paka anayevizia jikoni. Nilitoka pale mchana, na begi langu, kila mtu akiniona. Nitarudi hivyo hivyo, nimealikwa, au sirudi.

Baba alipokufa nilisoma kwenye barua yako, wakati wenzangu mmeshamzika na mmeshakula. Norman alikuwa na mikono miwili na wino siku ile. Alikuwa navyo siku zote hizi. Sitaki hotuba wala kuombwa radhi. Aandike kwa mkono wake mstari mmoja: Effie, njoo. Nikiupata, hata kama gari limekufa nitakwenda kwa miguu mpaka Lochmaddy.

Na usimdanganye. Wewe ukidanganya unaongea sana.

Effie


Partick
5 Juni 1971

Kaka yangu mpendwa Norman,

Natumai Mama hajambo na mtambo wako wa kufumia unalia vizuri. Huku tuko salama. Archie anakusalimu.

Kaka, tunakuja Fair hii, tukijaaliwa. Tutafika Alhamisi tarehe ishirini na mbili Julai, kwa feri ya Lochmaddy. Tutakuwa wanne. Naomba utuandalie vitanda.

Najua utauliza kwa nini tunazunguka huko kote badala ya kuja moja kwa moja kupitia Skye kama watu wenye akili. Kuna jambo, Norman. Nimelibeba moyoni miaka mingi na sasa halinipi usingizi. Ni jambo ambalo lilipaswa kufikishwa nyumbani kwetu zamani sana, na mimi nilikuwa mwoga. Siwezi kuliandika kwenye karatasi. Ninachokuomba ni kimoja: siku hiyo ukifungua mlango, ulipokee bila maswali, kwa ajili ya Mama.

Ikiwezekana, nijibu upesi.

Mdogo wako,
Dolina


Manish, Harris
11 Juni 1971

Mpendwa mdogo wangu Dolina,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimepiga magoti.

Hukuutaja Ushirika wenyewe, lakini tarehe imesema yote. Alhamisi ya ishirini na mbili ndiyo tunaanza Ushirika Mtakatifu hapa Manish. Umekaa mjini muda mrefu, nilidhani umesahau kwamba Alhamisi tunafunga, Ijumaa wanaume wanasimama kueleza dalili za mtu aliyeokoka kweli, Jumamosi sisi wazee tunagawa vile vipande vya madini ya risasi, kibali cha kukaa Mezani, kwa wanaostahili, na Jumapili ni Meza yenyewe. Hukusahau. Moyo usiolala, jambo lililobebwa miaka mingi, woga wa kulisema. Dolina, nimekaa na watu wengi walioguswa, na hakuna aliyelieleza vizuri kama wewe.

Nimemwambia mchungaji. Alinishika mkono akalia kwa furaha. Akina mama wa maombi ya Jumatano wanakuombea kwa jina. Usiogope wazee watakapokuuliza maswali Jumamosi. Nitakuwepo.

Sikusema kamwe, lakini mwaka hadi mwaka nimekaa kwenye Meza ile peke yangu kutoka nyumba yetu. Baba hayupo, Mama hawezi tena kutoka, wewe ulikuwa Glasgow na dunia yako. Mwaka huu kutakuwa na mtu wangu kwenye benchi.

Vitanda ni shida. Nimeshawakubalia wanaume watano kutoka Lewis, wageni wa Ushirika, na unajua mgeni wa Ushirika hakataliwi. Mtabanana. Hao wawili mnaokuja nao nadhani ni ndugu wa kanisa la Partick. Waambie wanakaribishwa. Feri ya Alhamisi inajaa mapema, weka nafasi sasa. Na Archie aiache chupa yake Glasgow.

Mama hajambo, ukiondoa uzee.

Kaka yako katika furaha,
Norman


Partick
15 Juni 1971

Dada,

Norman anadhani nimeokoka.

Nakuapia sitanii. Nilimwandikia kwa uangalifu, neno moja baada ya jingine, nikikwepa jina lako kama mtu anayekanyaga mayai, na kila neno nililochagua limeniingiza kanisani. Nimechagua Alhamisi ya Ushirika, Effie! Mimi, binti wa nyumba ile, nimeangalia kalenda ya Fair na ratiba za treni na za meli mpaka macho yakaniuma, nikasahau siku ambayo hata mbwa wa Manish wanaijua. Sasa mchungaji analia kwa furaha na akina mama wa Jumatano wananiombea kwa jina. Archie amecheka mpaka akakabwa na chai. Kila nikipita ananiuliza, "Mtakatifu Dolina, soksi zangu ziko wapi?"

Nimekwenda ofisi ya tiketi. Alhamisi feri imejaa, hakuna hata nafasi ya baiskeli. Ijumaa imejaa. Jumamosi ipo nafasi ya gari moja, lakini tukifika Jumamosi tumekwama, Jumapili Harris nzima hakuna gurudumu linalozunguka ila la kwenda kanisani, na Ruairidh atakosa misa na kunitupia lawama. Tukiahirisha mpaka Jumanne inayofuata, Archie atabaki na siku chache tu na kiwanda hakimsubiri mtu. Nimechora njia hii mara ngapi sijui. Nikiziba hapa, panavuja kule.

Na wewe ndiye mgumu kuliko ratiba zote. Dada, nakuomba, achana na huo mstari mmoja. Njoo tu. Tukifika watajua wenyewe.

Dolina


Daliburgh
19 Juni 1971

Dolina,

Nimecheka, halafu nimeacha kucheka. Kaka yetu anasubiri benchini mtu ambaye haji. Hilo si la kuchezea. Mwambie kweli kabla hajaandaa zaidi.

Ruairidh alikuwa Lochmaddy kuuza ndama. Akapita ofisi ya feri bila kuniuliza. Jumatano tarehe ishirini na moja kuna nafasi, ameandikisha gari na watu wanne. Nimemwambia watatu. Akasema wanne. Nimezima taa.

Mimi sijasema ninakwenda.

Effie


Partick
21 Juni 1971

Kaka Norman,

Asante kwa barua yako. Naona kuna kutoelewana na kosa ni langu.

Mimi si huyo mtu mnayemdhania. Sikuchagua tarehe kwa ajili ya Ushirika, nilichagua kwa sababu ya Archie na kiwanda chake. Tafadhali waambie akina mama waache kuniombea. Sistahili kupewa kipande chochote wala kuulizwa maswali na mtu yeyote. Nilichotaka kukuambia ni kingine kabisa, nacho ni kizito, na nikifikiria utakavyokipokea mikono inatetemeka. Nitakuambia. Nipe siku chache nipate ujasiri.

Tutafika Jumatano, si Alhamisi.

Dolina


Manish
26 Juni 1971

Mpendwa Dolina,

Nilimsomea mchungaji barua yako. Alitabasamu, akasema, "Norman, ulimwona wapi aliyeguswa kweli akasema anastahili?" Wanaokuja wakijisifu ndio tunaowarudisha. Wewe unasema hustahili na mikono inatetemeka. Tulia, mdogo wangu. Hiyo mikono naijua, hata yangu ilikuwa hivyo.

Jumatano ni bora zaidi. Utapumzika kabla ya siku ya kufunga. Mwenye duka la posta amenipa mkono wa pongezi mbele ya watu, na wewe unajua yule mama hajawahi kunipa hata habari ya hali ya hewa bila kununa.

Ukimkuta muuguzi wa wilaya nyumbani usishtuke. Anakuja mara kwa mara kumwangalia Mama. Ni uzee tu.

Nimepaka chokaa chumba cha nyuma.

Norman


Partick
30 Juni 1971

Norman,

Basi. Yamenifika hapa.

Wewe na mchungaji wako hamtaki kusikia mtu anachosema, mnasikia mnachotaka. Nimesema sijaokoka, mkasema hiyo ndiyo dalili. Nikisema mimi ni mlevi na mwizi wa kuku mtasema ndiyo kabisa, huyo akae mbele. Sasa nasema kwa lugha ambayo hata mwenye posta ataielewa akiifungua barua hii, na najua ataifungua.

Ni Effie.

Jambo ninalolibeba ni Effie. Mtu wa nne garini ni Effie, na wa tatu ni mume wake, Ruairidh, ambaye ni Mkatoliki tangu tumboni, ana Bikira Maria mpaka kwenye dashibodi ya gari, na ni mtu mpole kuliko wewe na mimi tukichanganywa. Nilitaka kumwingiza nyumbani kwa hila, akakataa. Amesema hataingia bila kualikwa. Anataka kutoka kwako mstari mmoja. Mmoja! Wewe unayemwandikia mchungaji, na wenye viwanda vya sufu, na Halmashauri kuhusu barabara, huna mstari mmoja kwa dada yako aliyekufundisha kusoma?

Ulikuwa baharini vitani Baba alipomfukuza. Hukumfukuza wewe. Uliporudi ulikuta nyumba imenyamaza na wewe ukanyamaza nayo, ukaiita hiyo amani. Sasa Mama anazeeka na mlango bado umefungwa na mtu aliye kaburini, na funguo anazo Norman.

Gari limeandikishwa feri ya Jumatano tarehe ishirini na moja. Kiti kimoja kinakusubiri wewe uandike.

Samahani kwa habari ya benchi. Hilo nasema kutoka moyoni. Nilijua litakuumiza na nilichelewa kusema.

Dolina


Partick
12 Julai 1971

Dada Effie,

Kimya. Nimemwambia ukweli wote, na hajajibu neno. Kila asubuhi namvizia mtu wa posta pale ngazini kama msichana anayesubiri barua ya mchumba, na ananiletea bili.

Leo nilikuwa kwenye duka la samaki nikakutana na Chrissie, aliyezaliwa jirani na kwetu kule Manish. Akanishika bega akasema, "Pole na hali ya Mama yako, mpenzi." Nikauliza hali gani. Akageuka rangi. Alidhani najua. Effie, Mama hayupo kichwani. Tangu majira ya baridi hamjui mtu. Anamwita muuguzi majina ya watu waliokufa, anamwita Norman jina la Baba. Na Norman ananiandikia ni uzee, ni uzee, kila barua ni uzee tu!

Nimelia pale pale mbele ya heringi. Nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani. Norman ameficha hali ya Mama, mimi nimekuficha wewe, na wewe umejificha nyuma ya mstari mmoja. Familia nzima tunacheza kibe, huku mama yetu anaondoka.

Archie, Mungu ambariki, ameacha utani. Amefunga begi lake mwenyewe na kununua vidonge vya kichefuchefu. Jumamosi tunapanda treni. Jumatatu jioni tutakuwa bandarini kwenu. Kuanzia hapo utaamua wewe. Nimechoka kuwabembeleza watu wawili wenye kichwa kimoja.

Dolina


Daliburgh
14 Julai 1971

Dolina,

Sijui kama hii itakukuta kabla hujaondoka.

Nimemwandikia Norman barua tatu tangu asubuhi, zote nimezichoma. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa inaomba. Ya tatu ilikuwa inauliza tu Mama anakula nini.

Ruairidh amesafisha gari na kubandika upya sanamu yake kwa gundi. Viatu vyangu vizuri amevipiga rangi akaviweka mlangoni. Sijavigusa.

Nitakwendaje kwa kaka asiyenitaka, kumwona mama asiyenijua? Nilingoja mpaka nikawa nimengoja kupita kiasi. Kama Mama hana tena kumbukumbu yangu, basi pale Manish hakuna mtu anayeningoja, na mtu asiyengojwa haendi. Njooni mle, mpumzike, halafu muendelee na safari yenu watatu.

Effie


Manish
16 Julai 1971

Dada Effie,

Barua hii anaileta kwa mkono mwenye gari la samaki anayevuka kwenda Lochmaddy kesho, kwa sababu posta siiamini iwahi, na kwa sababu mwenye posta ameshasoma za kutosha.

Sijui nianzie wapi, maana sijakuandikia tangu nikiwa kijana melini. Nianzie na feri. Jumatano inaondoka Lochmaddy mchana, ila magari yanatakiwa mapema, na siku za Fair wanaweza kumpa mtu mwingine nafasi yenu mkichelewa. Muwe pale asubuhi. Barabara ya kutoka Tarbert kuja huku imemomonyoka pale kwenye kona ya ziwa, shemeji aende polepole.

Barua ya Dolina niliiweka nyuma ya saa ya ukutani na sikuigusa kwa siku nyingi. Nilikuwa na hasira. Si kwako. Nilisimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Dolina, kijiji kizima kikanipa mkono, halafu nikagundua nimeshukuru kwa kitu kisichokuwepo. Niliona aibu hata kwenda kisimani. Mtu mwenye aibu hutafuta wa kumlaumu na nilikuwa nimeshawapata wawili, wewe na yeye.

Lakini sikuandika ili nikueleze aibu yangu. Nimeandika kwa sababu ya Mama.

Ameniita Murdo tangu Krismasi. Ukitaka kujua mimi sasa nafananaje, basi nafanana na Baba. Kila jioni nikimaliza kufuma nikaja kumpa uji, ananishika mkono wa sweta na kusema, "Murdo, mwache msichana arudi." Namwambia, "Mama, mimi ni Norman. Baba alishafariki." Anasema, "Yuko nje, Murdo, viatu vimelowa, mwache arudi Effie." Namwambia tena mimi ni Norman. Analia. Halafu analala, na kesho yake haikumbuki jana, anaanza upya, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukataliwa. Effie, mimi sikuwahi kukukataza. Lakini jioni baada ya jioni mama yako amekuombea kwa mume wake, na jioni baada ya jioni amejibiwa hapana, kwa mdomo wangu. Nilijiambia namwambia kweli. Mzee wa kanisa hasemi uongo. Ndiyo maana sikumwandikia Dolina. Ningemwambia Mama hajui mtu, angeuliza anamtaja nani.

Jumanne alinishika tena sweta. Barua ilikuwa bado nyuma ya saa. Sikusema mimi ni Norman. Nilikaza sauti kama alivyokuwa akiongea Baba, unaikumbuka, kama mtu anayefukuza ng'ombe, nikasema, "Haya, mwanamke. Arudi."

Akaachia sweta. Akasema, "Basi sogeza hicho kiti, atapitaje?"

Nimekisogeza. Tangu hapo hajalia. Amekaa anaangalia mlango, na kila akisikia gari barabarani anajifunga kitambaa chake vizuri kichwani.

Nimemweleza mchungaji nilichofanya. Akasema ni jambo dogo, nije tu Mezani. Nimekataa. Nimesema uongo kwa sauti ya marehemu wiki moja kabla ya Ushirika, na sijutii, na mtu asiyejutia hapaswi kugawa vipande wala kupokea. Mwaka huu nitakaa nyuma na wanaotazama. Wale wanaume watano wa Lewis nimewaandikia watafute kwingine. Hilo halijawahi kutokea Manish, kumkatalia mgeni wa Ushirika, na kijiji kinaunguruma. Kiungurume. Chumba cha nyuma ni chako na mumeo. Gari aliweke karibu na banda la mtambo, kuna kinga ya upepo, na huyo Bikira wake simwambii amtoe. Kanisa lenu upande huu hakuna, hilo sina namna.

Nikuonye jambo moja. Hatakujua uso. Anayemngoja ni msichana mwenye nywele nyeusi na begi. Usimngoje akutambue, utaumia bure. Ingia tu, simama mbele yake, umwambie wewe ni Effie. Atakuamini. Siku hizi anaamini kila anachoambiwa, isipokuwa kwamba mimi ni Norman.

Ulitaka mstari mmoja na mimi nimejaza kurasa. Mstari wenyewe huu hapa. Sijamdanganya Mama maisha yangu yote, dada, na sasa nimemwambia unakuja. Effie, njoo, nisiwe nimemdanganya.

Norman